Maji ya Sheha

Ndugu yangu msomaji, kama nawe una mke, watoto, shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka, na mama mkwe ambaye neno lake halirudishwi, vuta kiti tukae. Wewe utanielewa. Nataka nikusimulie habari za kobe wetu na maji yake, maana ndani ya nyumba yangu hakuna jambo lililojadiliwa kama hilo, hata kodi ya nyumba haijafikia.

Tunaishi Phoenix, jimbo la Arizona, huku Marekani. Ni mji mkubwa, lakini umejengwa jangwani, na jangwa halijasahau kwamba pale ni kwake. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 180. Mke wangu alikulia Unguja, ambako mwezi mmoja wa masika unaweza kumwaga zaidi ya hizo. Mwaka 2023 joto la hapa lilifika nyuzi 43 na kupita kwa siku 31 mfululizo, tangu mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai. Ukianika nguo, kabla hujafika mwisho wa kamba ile ya kwanza ishakauka. Sasa katika hewa ya namna hiyo, mimi na jamaa zangu tumekabidhiwa mnyama mzima wa Mungu, tuhakikishe hakauki.

Jina lake Sheha. Ni kobe dume, mtu mzima, gamba lake limeshalainika kwa miaka. Mke wangu ndiye aliyempa jina hilo la wakuu wa mitaa wa kwao Unguja, kwa sababu kila asubuhi hutoka shimoni, akauzunguka ukuta wa ua, akasimama kila kona, akanyoosha shingo, akatazama, akaendelea mpaka amalize. "Anakagua shehia yake," alisema mke wangu, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine.

Alifikaje kwetu? Binti yangu Salma, ambaye sisi humwita Daktari kwa kuwa hakuna mdudu aliyewahi kukatiza ua wetu bila kupimwa, alitaka paka. Mama yake akasema manyoya ya paka hayatakaa juu ya mswala wake. Hapo akasimama mdogo wake, Wakili, mtoto ambaye hata ukimwambia akalale atakuomba sababu tatu, akauliza: je, mnyama asiye na manyoya? Kumbe walishapanga. Kobe wa Jangwa la Sonora hawaruhusiwi kuchukuliwa porini, ila Idara ya Wanyamapori na Samaki ya Arizona ina mpango wa kuwatafutia familia wale ambao tayari wamelelewa na watu. Hao hawawezi kurudishwa jangwani, maana huenda wakawapelekea wenzao maradhi ya njia ya hewa. Anayetaka kumlea sharti awe na ua wenye ukuta, kivuli, na shimo la maana. Mama yao akakosa la kujibu, nami sikuulizwa.

Shimo alilijenga Shemeji Fundi, kaka wa mke wangu. Shemeji huyu ana nyundo za kila aina, na rafu ya jikoni aliyoianza zamani hadi leo imeegemea ukuta ikisubiri misumari. Lakini nampa haki yake: shimo la Sheha alilimaliza, na alilimaliza vizuri. Alichimba chini, akasimamisha matofali ya saruji pande mbili, akalaza mbao nene juu, akafunika kwa udongo mwingi hata kikaonekana kilima tu. Mkono ukiuingiza humo mchana wa Julai unakutana na ubaridi na unyevu. Huo unyevu ni nusu ya kazi ya maji. Kobe anayekaa mahali pakavu na pa moto hupoteza maji kila anapovuta pumzi. Aliye shimoni pazuri huyatunza.

Kwa habari ya kutunza maji, kiumbe huyu ni hodari. Kibofu chake ndicho simtank yake ya juu ya paa: mvua ikinyesha anajaza, ukame ukija anavuta kidogo kidogo. Akijaza sawasawa, vilivyomo kibofuni vinaweza kukaribia asilimia 40 ya uzito wake. Maji huyarudisha mwilini, uchafu anauacha ugande uwe ute mweupe. Wenzake wa porini wanaweza kukaa mwaka mzima bila kunywa. Ana udhaifu mmoja tu. Akishtuka, hasa akiinuliwa miguu ikaning'inia hewani, huweza kumwaga akiba yote kwa mara moja. Porini, kobe aliyemwaga akiba yake katikati ya ukame anaweza kufa kabla mvua haijafika.

Watu wengi wakisikia huo mwaka mzima bila kunywa husema basi, kobe hahitaji kuhangaikiwa. Mimi jambo hili linaniuma. Kobe wa uani hana korongo la kukimbilia mvua inaponyesha, wala hana eneo la kutembea akichagua majani yenye maji. Anakunywa alichowekewa, na asipowekewa hapigi kelele. Atakauka polepole, mbele ya macho yenu, figo na kibofu vikiharibika, nanyi mkimsifu kwa uvumilivu.

Mke wangu analijua hilo kuliko sisi sote, ndiyo maana tukampa cheo cha Waziri wa Maji. Sheria zake zimebandikwa kwenye friji. Chombo cha kunywea ni sahani pana ya udongo, ile ya kuweka chini ya chungu cha maua, iliyozikwa mpaka ukingo wake umelingana na ardhi. Ina ukwaru, kucha zinashika. Ina kina kifupi, mnyama hazami. Maji hubadilishwa kila asubuhi, kwa sababu Sheha akishakunywa huingia humo humo, akakaa, akamaliza haja zake zote. Miezi ya joto huogeshwa mara kwa mara kwenye maji ya vuguvugu, yasiyopita pale gamba la juu linapokutana na la chini, ili kichwa kiwe huru. Hupimwa uzito, ukaandikwa kwenye daftari la Daktari. Na sheria iliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: HAINULIWI BILA SABABU.

Kuna sheria nyingine ya mpira wa maji, nawe uishike hata kama hufugi chochote. Mpira uliolala juani Phoenix, maji ya mwanzo yanayotoka humo huunguza ngozi. Lazima uyamwage pembeni mpaka yapoe ndipo ujaze sahani. Wakili hujaribu kwa kidole kwanza, kisha hutangaza, "Yamepita!" kwa sauti ya kuwasikilizisha majirani.

Mambo yetu yalikuwa yanakwenda hivyo, kwa kelele lakini yanakwenda, mpaka mwezi wa Juni alipotua Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni mama mkwe wangu, nami nampenda na kumheshimu, naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Alikuja kutoka Unguja na sanduku la karafuu, mdalasini na kanga, na Juni ndio mwezi mkavu kuliko yote huku. Asubuhi ya kwanza, chai hajaimaliza, alitoka uani.

"Baba Salma, mnyama huyu anakunywa wapi?"

Nikamwonyesha sahani.

"Hapa? Mwanangu, hapa hata kifaranga haoshi miguu!"

Nikajaribu kumweleza kina na ukwaru na kuzama. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akaniambia kwamba yeye kobe amewaona tangu utoto. Ni kweli. Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, wapo kobe wakubwa ambao asili yao ni zawadi iliyotoka Shelisheli mwaka 1919, naye alipelekwa kuwaona alipokuwa shule, akawalisha mchicha kwa mkono wake. Kwa maneno yake, hakuna kobe wa Changuu aliyewahi kunyweshwa kwenye kisahani.

"Bibi, wale ni wa Aldabra," akaingia Daktari. "Wale wanaweza kunywa kwa pua! Maji yakiwa kidogo kwenye vishimo vya mawe, wanayavuta kwa pua."

"Basi na huyu mfundisheni."

Kesho yake ikaonekana ndoo karibu na shimo, imejaa pomoni. Waziri wa Maji akaiondoa bila kusema neno. Jioni ndoo ikarudi, ina jiwe pembeni la kupandia. Ikaondoka tena. Mama na binti yake hawakugombana hata mara moja. Walisalimiana, walipika pamoja, walicheka, na ndoo ilikuwa ikitembea usiku. Shemeji Fundi alipoulizwa yuko upande gani alisema yeye anaweza kutengeneza ngazi. Mimi nilikaa kimya. Wewe unajua kwa nini. Mkwe hasimami kati ya mama na bintiye.

Vita vya chakula sivisimulii vyote. Sheha hula nyasi, majani ya mforosadi, maua ya porini na vipande vya mpungate, ambavyo vina maji mengi ndani, na hivyo humpa kinywaji na chakula kwa pamoja. Bi Mkubwa alimwona akitafuna mpungate, akaweka mkono kifuani. "Mnamlisha miiba!" Miiba tulikuwa tumeikwangua. Hilo pia tulilieleza.

Siku yenyewe ya msiba mimi nilikuwa nimelala, nimetoka zamu ya usiku. Waziri alikuwa kazini. Jua la saa nane lilikuwa limetulia juu ya ua, nje hakuna hata ndege. Sheha alikuwa kwenye mlango wa shimo lake, kivulini, kidevu amekilaza chini, macho amefumba, miguu ya mbele ameinyoosha. Kobe wakati wa joto hupumzika hivyo. Bi Mkubwa akachungulia dirishani, akaona maiti.

Alitoka na kanga mbili, akamwinua, akamkumbatia kifuani, akaanza kumkimbiza ndani kwenye kiyoyozi. Alipofika katikati ya ua, Sheha akamwaga.

Nililoamka nalo ni sauti: "Uwi! Uwi! Baba Salma! Anakata roho huyu! Roho inamtokea chini!"

Nilipofika nje nilimkuta mama mkwe wangu amesimama juani, kanga imeroa kuanzia kifuani hadi ncha, na Sheha mikononi mwake miguu yote minne ikipiga hewa. Akiba ya tangu masika ya hapa, iliyonywewa kidogo kidogo kwenye ile sahani ya kifaranga, yote ilikuwa juu ya kanga na saruji, na saruji yenyewe ilikwisha kuanza kukauka.

Daktari alipoona aligeuka rangi. "Bibi! Amemwaga kibofu! Na mvua mpaka Julai!"

Bi Mkubwa akaketi palepale kizingitini, akaanza kulia. Wakili akasimama mbele yake mikono ameitandaza, akatangaza kwamba bibi hakukusudia, kwamba alitenda kwa huruma, na kwamba sheria ya friji ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwa mtu asiyevaa miwani. Haikuwa ndogo. Lakini sikumkatiza, mtoto anayemtetea bibi yake anayelia, mwache amalize.

"Beseni!" akapiga kelele Daktari. "Maji ya vuguvugu! Sasa hivi!"

Naomba nikueleze habari ya beseni. Mimi nina beseni moja jeupe, pana, la kina kifupi, ambamo huroweka nyama ya mishkaki ya Eid: papai bichi, tangawizi, thomu, ndimu, usiku kucha. Hazifuliwi nguo humo wala havikoshewi vyombo. Shemeji Fundi alilichukua kutoka juu ya kabati kama vile lilikuwa likimngoja yeye, akalijaza maji, wakamweka Sheha ndani.

Mwanzo hakufanya kitu. Kichwa kilikuwa ndani, miguu ya mbele imefunga mlango, yale magamba ya miguuni yamebanana. Tukakaa chini sote kumzunguka, kwenye vigae vya baraza, hakuna anayesema. Kisha pua ikatokea. Kisha jicho moja. Akanyoosha shingo taratibu hadi mikunjo yote ikapotea, akalaza kidevu juu ya maji, akakizamisha, na koo likaanza kucheza. Kila funda ulikuwa unaliona likipita chini ya ngozi, kutoka taya mpaka kifuani. Alikunywa, akapumzika pua nje, akarudi akanywa. Bi Mkubwa alikuwa akihesabu mafunda kwa tasbihi yake, midomo ikienda. Alipopita duru nzima ya tasbihi akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti, na ndipo sote tukapumua.

Halafu Sheha akafanya haja yake humo humo ndani ya beseni la mishkaki. Daktari akafurahi mno. Ule ute mweupe ulikuwa laini, na hiyo ndiyo dalili njema; ukitoka mkavu, wa chembechembe za mchanga, hapo mnyama amekauka, na huenda jiwe linajengeka kibofuni. Tulimpigia daktari wa wanyama watambaao, akauliza kama macho yamezama na ngozi ya shingo imelegea. La. Basi, akasema, mwogesheni kila siku kwa sasa, maji yabadilishwe yakichafuka, na mumwache atulie.

Waziri aliporudi kutoka kazini alisikiliza taarifa kutoka kwa watu watano kwa wakati mmoja. Hakumlaumu mama yake. Alimkumbatia, akaenda kuloweka kanga, kisha akaliangalia beseni.

"Hili halirudi jikoni."

"Nitaliosha kwa maji ya moto," nikasema. "Na dawa."

"Baba Salma. Kobe wana salmonela. Beseni la kobe ni la kobe."

Ana haki. Mnyama mtambaazi mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria hao bila kuonyesha chochote, ndiyo maana haogeshwi kwenye sinki la jikoni wala kwenye hodhi wanamooga watoto, na kila aliyemshika huosha mikono kwa sabuni. Beseni langu likaandikwa SHEHA kwa kalamu ya wino usiofutika, na Eid iliyofuata nyama ililala kwenye sufuria.

Tangu siku hiyo Bi Mkubwa akawa mtu mwingine. Ndoo alimpa Shemeji akaoshee gari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akibadilisha maji ya sahani baada ya sala ya Alfajiri, huku akipiga soga na Sheha kwa Kiunguja safi, akimwomba radhi na kumpa habari za nyumbani. Mchana alikaa dirishani kumlinda. Shemeji hakuruhusiwa kupiga nyundo karibu na shimo, jambo ambalo lilimpa sababu nzuri ya kutoimaliza ile rafu.

Mvua zikafika. Huku mvua za monsuni huhesabiwa kuanzia 15 Juni, ila zenyewe mara nyingi hujitokeza Julai, na hutanguliwa na ukuta wa vumbi unaofunika mtaa mzima. Jioni ile vumbi lilipopita tukasikia harufu ya udongo, na Bi Mkubwa akapiga kelele kwamba Sheha ametoka. Kweli, matone yalikuwa bado kuanguka, naye alikwisha kusimama pale penye bonde dogo la ua ambapo maji hukusanyika. Ndugu zake wa Jangwa la Mojave huchimba vidimbwi vyao kwa miguu kabla ya mvua, wakangoja kando. Yetu ikashuka kwa nguvu. Sheha akanywa kwenye dimbwi, na mama mkwe wangu akasimama nyuma yake na mwavuli ambao upepo ulishaugeuza.

Kisha Daktari akamulika tochi kwenye shimo. Maji yalikuwa yanateremka moja kwa moja kuelekea mlangoni mwake. Juni nzima tumelia maji hatuna, sasa yanataka kumzamisha nyumbani kwake! Mimi na Shemeji tukachukua majembe, tukachimba mfereji usiku ule, matope hadi magotini, Waziri ameshika taa akielekeza, Wakili akidai mfereji upite mbali na baiskeli yake, Bi Mkubwa akituombea dua kwa sauti kubwa kuliko radi. Maji yakapinda. Shimo likabaki kavu. Asubuhi Sheha alipimwa, daftari likaonyesha ameongezeka, na Bi Mkubwa akapika vitumbua.

Amesharudi Unguja sasa. Akipiga simu huuliza, "Kanywa?" ndipo wajukuu wapate zamu yao. Oktoba hii tunamwandaa Sheha kwa usingizi wake wa baridi: chakula kinasimamishwa mapema, tumbo litoke tupu, lakini maji hayasimamishwi, na huogeshwa vizuri ili aingie shimoni kibofu kimejaa, maana hatatoka mpaka kama Machi. Nami nikaenda dukani nikanunua beseni jipya la mishkaki, kubwa kuliko lile, la rangi nyekundu ili lisichanganywe. Nikaliweka juu ya kabati.

Jana nimemkuta Waziri amelishusha, anapima kina chake kwa rula.

"Lile jeupe limeingia ufa," akaniambia. "Na hili, mume wangu, hebu tazama, atageuka vizuri zaidi."

"Hilo ni la nyama, Mama Salma."

"Najua. Nipe ile kalamu."